Makaa yenye majivu machache yananiziba greti, yenye majivu mengi hayanizibi. Wataalamu wa boila na madini tusaidiane

ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwendesha boila kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha. Boila yetu ni ya greti ya mnyororo, yaani sakafu ya chuma inayotembea makaa yakiungua juu yake, na tunachoma makaa ya mawe ya hapa hapa nchini. Wasambazaji ni wawili. Mzigo wa kwanza cheti cha maabara kinasema majivu asilimia 25, wa pili asilimia 18. Ofisi imeamua tuchukue wa 18, kwa hoja kwamba majivu hayaungui, hivyo yakipungua ni faida.

Shida ni hii. Ule wa 25 unaungua vizuri, mwisho wa greti unadondosha unga na vipande vya kijivu vinavyovunjika mkononi, mkokoteni unabeba, kazi inaendelea. Huu wa 18 unatengeneza mabonge meusi mazito yenye ngozi ya kioo. Mengine yanagandia kwenye matofali ya ukuta wa tanuri. Inabidi tushushe moto, tuingie na mitaimbo. Mvuke unashuka, wenzetu wa uzalishaji wanapiga simu.

Majivu machache yanawezaje kusumbua kuliko mengi? Na hayo majivu yamo ndani ya makaa tangu ardhini, au yanatoka wapi?

DalaliWaKusini

Mkuu, hapo tatizo ni hewa. Makaa ya 18 yana joto kubwa kuliko ya 25, sasa mkitumia mpangilio uleule wa feni lazima yawasumbue. Mimi nauza mizigo yote miwili na cheti hakidanganyi. Ongezeni hewa ya chini, punguzeni kina cha makaa juu ya greti.

MotoNaMadini

ZamuYaUsiku, swali lako la mwisho ndilo lenye jibu la yote, naanza nalo.

Majivu hayamo ndani ya makaa ya mawe. Kilichomo ni madini: udongo wa mfinyanzi, kwatzi, pairaiti, kalsaiti, sideraiti, na mengine kidogo kidogo. Majivu ni kile kinachobaki madini hayo yakishapita motoni, yakapoteza maji, yakapoteza gesi, yakashika oksijeni, na baadhi yakayeyuka na kuingiliana. Kwa hiyo mizigo miwili inaweza kutoa uzito uleule wa majivu na bado yasifanane kwa lolote. Cheti chenu kinasema uzito tu. Hakisemi majivu yametokana na nini wala yanalainika kwenye joto gani, na kwa mtu wa boila hayo mawili ndiyo yanayoamua usiku wake utakuwaje.

Chukua kaolini kwanza, maana mfinyanzi ndio mwingi zaidi kwenye makaa mengi. Ni madini yaleyale yanayopatikana vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Ndani ya fuwele zake kuna maji yaliyofungwa, karibu asilimia 14 ya uzito wake. Huo si unyevu wa mvua. Hata uanike juani mwezi mzima hayatoki. Yanatoka joto likiwa kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, na yakishatoka hayarudi. Mfinyanzi akichoma chungu ndicho kinachotokea: ukikiloweka baada ya hapo hakigeuki tena udongo. Joto likipita nyuzi 1,000 na kuendelea, mabaki ya kaolini yanaanza kujipanga upya kuwa mulaiti, madini magumu ambayo ndiyo nguvu ya matofali ya kuhimili moto. Kaolini safi haiyeyuki mpaka upite nyuzi 1,700, na greti yako haifiki huko. Makaa yenye kaolini nyingi yatakupa majivu mengi, lakini makavu, mepesi kuvunjika. Nadhani ndio mzigo wako wa 25.

Kwatzi ni mchanga, nao ukiwa peke yake hauyeyuki kwa joto lako. Hasara yake ni kula feni na mabomba.

Ilaiti ni mfinyanzi pia, ila una potasiamu, na potasiamu inaufanya ulainike mapema kuliko kaolini.

Kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa, inapoteza kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa. Kilo 100 za kalsaiti zinaacha kilo 56.

Sasa pairaiti, ambayo naishuku kwenye huu mzigo wenu wa pili. Ni chuma kilichofungwa na salfa, yale madoa ya rangi ya dhahabu unayoyaona kwenye kipande kilichopasuka. Ikifika nyuzi 500 hadi 600 inaanza kutema salfa. Kinachobaki kinayeyuka kabla ya kufika nyuzi 1,100, na kikiwa kimeshashika oksijeni kidogo, mchanganyiko wake unaweza kuwa majimaji hata kwenye nyuzi 940 hivi. Hewa ikiwa ya kutosha na muda upo, mwisho wa safari ni hematiti, chuma chekundu kisicho na shida. Kilo 100 za pairaiti zinaacha takriban kilo 67 za hematiti, na salfa yote inapanda na moshi.

Lakini katikati ya kitanda cha makaa hewa imeshaliwa. Hapo chuma hakifiki kuwa hematiti. Kinabaki katika hali yake yenye oksijeni chache, na katika hali hiyo kinaushambulia mfinyanzi na kwatzi vilivyo jirani. Vitu ambavyo kila kimoja peke yake kingehimili nyuzi 1,700 vinakuwa kioo kwenye nyuzi 1,100 na kitu. Rangi nyeusi ya mabonge yako ndiyo rangi ya kioo chenye chuma cha namna hiyo. Vunja moja uangalie ndani. Nategemea utakuta nje kuna wekundu, kwa sababu ngozi ilipata hewa wakati wa kupoa, na ndani ni jeusi tupu.

DalaliWaKusini

Umeeleza vizuri lakini unathibitisha nilichosema. Hewa ikitosha chuma kinakuwa hematiti, mabonge hayatokei.

MotoNaMadini

Kwenye hewa hatupingani, na ushauri wako wa kupunguza kina ni sahihi. Ninachokataa ni kusema makaa hayana tofauti. Greti ya mnyororo haiwezi kuwa na hewa sawa kila mahali. Kwenye kitanda cha makaa, tabaka la chini linapata hewa safi, la juu yake linapata gesi iliyokwisha kutumika. Hata ukifungua feni mpaka mwisho, eneo lisilo na oksijeni litakuwepo, labda litakuwa jembamba zaidi. Mzigo wa kaolini unapita eneo hilo bila madhara. Wenye pairaiti haupiti salama.

MwambaWaKaroo

Niongeze upande wa jiolojia, maana watu wanadhani udongo unaingia wakati wa kuchimba tu.

Makaa yetu ya kusini, Ngaka na Mchuchuma kwenye bonde la Ruhuhu, ni ya Karoo, yaani miamba ya kale ya kusini mwa Afrika, enzi ya Permi, kabla ya dinosaria. Yalianza kama mimea iliyozama kwenye vinamasi, na mito ilikuwa ikileta tope humo kila mafuriko. Tope hilo likatulia katikati ya mimea inayooza. Kwa hiyo mfinyanzi mwingi umo ndani kabisa ya kipande cha makaa, chembe ndogo sana, hauuoni kwa macho. Makaa mengi ya Gondwana, bara la kale lililounganisha nchi za kusini, yako hivyo, ya hapa, ya Afrika Kusini, ya India: majivu mengi, na kuyaosha ni kazi ngumu kwa sababu uchafu haujitengi na makaa.

Pairaiti ina historia nyingine. Inahitaji salfa, na chanzo kikubwa cha salfa ni maji ya bahari. Ndiyo maana makaa ambayo bahari iliyafunika mapema, kama mengi ya bonde la Illinois kule Marekani, yana pairaiti nyingi, na haya ya Gondwana kwa kawaida yana salfa chache. Kwa kawaida, sijasema daima. Hata ndani ya mgodi mmoja tabaka hadi tabaka hutofautiana, na pairaiti nyingine iliingia baadaye sana, maji ya ardhini yakipita kwenye nyufa za makaa. Hiyo ya kwenye nyufa unaiona kama utando wa dhahabu juu ya uso wa kipande, na inaachana na makaa yakisagwa.

Tofauti hii, madini yaliyo ndani ya kipande na yaliyo nje, ina uzito mkubwa motoni. MotoNaMadini atueleze.

MotoNaMadini

Asante sana, hapo umenigusa.

Madini yaliyo ndani ya chembe ya makaa yanaungua yakiwa yamezungukwa na kaboni. Joto la chembe inayowaka linapita joto la gesi iliyo pembeni yake, na oksijeni haifiki ndani. Kadiri kaboni inavyoisha, chembe inasinyaa, na madini yaliyokuwa mbalimbali yanasogezwa yakakutane. Mfinyanzi unakutana na chuma, chuma kinakutana na chokaa, vinayeyushana. Madini yaliyo nje yanasafiri peke yake: kalsaiti inakuwa chokaa, kwatzi inabaki kwatzi, pairaiti inapasuka vipande au inayeyuka na kuwa tone.

Kwa hiyo hata uchambuzi wa jumla wa majivu haumalizi habari. Mizigo miwili yenye chuma asilimia ileile, mmoja chuma kikiwa ndani ya mfinyanzi na mwingine kikiwa nje kama vijiwe vya pairaiti, haitafanya kazi sawa.

MtanzaniaMpumalanga

Nipo Afrika Kusini kwenye mtambo wa umeme. Sisi hatuchomi vipande, tunasaga makaa mpaka unga, sehemu kubwa inapita kwenye chekeche la mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha unapulizwa ndani ya tanuri. Mwali una nyuzi 1,400 kupanda, na chembe inakaa humo sekunde chache tu. Makaa tunayochoma, majivu mara nyingi yanapita robo ya uzito. Kwa sehemu kubwa, kama sehemu nne kati ya tano, majivu hayadondoki chini, yanaruka na moshi, yananaswa na mitambo ya umeme tuli au mifuko ya kuchuja.

Ukiyatazama majivu haya kwa hadubini utashangaa. Ni matufe. Mfinyanzi ulioyeyuka angani unakuwa tone, na tone linajikunja kuwa tufe kabla ya kuganda kuwa kioo. Mengine yana gesi ndani, ni matupu, yanaelea juu ya maji. Ukimwaga majivu kwenye bwawa yanapanda juu yanafanya utando mweupe wa kijivu. Mengine yana chuma kingi mpaka sumaku inayavuta, maana pairaiti yake iliishia kuwa magnetaiti.

Kuna na kundi dogo zaidi ya hayo, chini ya mikroni moja. Hilo halikutokana na tone. Ni vitu vilivyogeuka mvuke kabisa, sodiamu, potasiamu, aseniki, seleniamu, risasi, halafu moshi ulipopoa vikaganda juu ya chembe ndogo. Kwa uzito ni kidogo sana, lakini ndiyo yanayovutwa mpaka ndani ya mapafu na ndiyo magumu kunaswa. Sodiamu nayo ikikutana na salfa inatengeneza utando unaonata juu ya mabomba ya mvuke mkali, na majivu mengine yote yanashikamana hapo.

MamaTofali

Samahani kuingilia. Mimi nafyatua tofali. Kuna mtu ananipa majivu ya makaa ya mawe bure nichanganye na saruji. Ni salama? Na yanafanya kazi?

MtanzaniaMpumalanga

Mama, inategemea majivu yapi. Haya ya kuruka, ya kioo, yanafanya kazi sana. Silika na alumina (oksidi za silikoni na alumini) iliyo kwenye kioo inaungana na chokaa inayotoka kwenye saruji na kuongeza nguvu polepole, wiki hata miezi. Bwawa la Hungry Horse kule Montana, Marekani, lililokamilika 1953, lilijengwa kwa zege lenye majivu haya. Majivu ya greti, yale mabonge na unga wa chini, ni habari nyingine: kioo kichache, makaa ambayo hayajaungua mengi, na pengine chokaa mbichi ambayo italowana baadaye ndani ya tofali na kulipasua. Yanaweza kuwa kokoto nyepesi, si mbadala wa saruji.

Usalama: usiyashike makavu bila barakoa, na usiyarundike karibu na kisima. Maji yakipita kwenye majivu yanaweza kubeba aseniki na seleniamu. Tarehe 22 Desemba 2008 ukingo wa bwawa la majivu ulivunjika Kingston, Tennessee, Marekani, tope la majivu zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likafunika mto na nyumba. Tangu hapo dunia nzima ilianza kuyaangalia majivu kwa jicho lingine.

TanuriLaSaruji

Mimi nipo upande wa saruji. Viwanda vingi vya saruji nchini vinachoma makaa ya Ruvuma, hasa tangu serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016. Kwetu majivu hayatupwi kabisa. Yanadondokea ndani ya tanuri na kuwa sehemu ya klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji. Piga hesabu: tani moja ya klinka inataka makaa kama kilo 130 hivi, yakiwa na majivu asilimia 20 ni kilo 26 za silika, alumina na chuma zinazoingia bila kupitia mizani ya malighafi. Ndiyo maana anayepanga mchanganyiko wa chokaa na mfinyanzi lazima ajue majivu yana nini, aongeze chokaa ya kufidia. Mzigo ukibadilika majivu bila taarifa, chokaa inapungua kwenye klinka na nguvu ya saruji inashuka. Sisi hatuogopi majivu mengi. Tunaogopa yanayobadilika kila lori.

DalaliWaKusini

Sasa mnanitisha kuhusu cheti. Maabara wanapata vipi hiyo 18?

MotoNaMadini

Swali zuri, na cheti hakina kosa. Kwa kipimo cha ISO wanachukua gramu moja hivi ya unga wa makaa, wanaipandisha taratibu mpaka nyuzi 500, wanaiacha, kisha wanaipeleka 815 mpaka uzito usibadilike. Kule kusimama kwenye 500 kuna sababu: salfa ya pairaiti itoke kabla kalsaiti haijageuka chokaa, maana chokaa ikiikuta salfa inaikamata, na majivu yanaonekana mazito kuliko yalivyo. Hata hivyo salfa kiasi hukamatwa. Kwenye nyuzi 1,300 za boila haingebaki.

Tazama basi: maabara ni nyuzi 815, polepole, hewa tele. Hakuna kinachoyeyuka. Majivu ya maabara ni unga laini wa rangi nyekundu, au nyeupe, au kahawia, na hayajawahi kutokea ndani ya boila yoyote. Ni kipimo cha kulinganisha uzito, kimewekwa sawa dunia nzima ili muuzaji na mnunuzi wasigombane.

Ukitaka kukadiria madini yenyewe kabla ya moto, kuna kanuni ya zamani ya Parr wa Chuo Kikuu cha Illinois: majivu mara 1.08, jumlisha salfa mara 0.55. Ile 1.08 inarudisha maji ya mfinyanzi, ile 0.55 inarudisha salfa ya pairaiti. ZamuYaUsiku, omba salfa ya mizigo yote miwili, omba uchambuzi wa majivu, na omba joto la kulainika kwa majivu, lipimwe kwenye gesi isiyo na oksijeni na kwenye hewa. Wanafinyanga koni ndogo ya majivu na kuipasha huku wanaitazama: ncha inapoanza kulegea, inapokuwa nusu tufe, inapotambaa.

ZamuYaUsiku

Wakuu, nimerudi. Kwanza mabonge: nje wekundu, ndani jeusi, kama ulivyosema. Meneja alikubali kulipia vipimo.

Mzigo wa 25, namba zote ni asilimia: salfa 0.5. Majivu yake silika 57, alumina 29, chuma 5, kalsiamu 2.5, mengine madogo. Ncha ya koni haikulegea hata kwenye nyuzi 1,450, gesi zote mbili.

Mzigo wa 18: salfa 2.8. Silika 43, alumina 20, chuma 20, kalsiamu 7. Ncha imelegea kwenye 1,120 bila oksijeni, na 1,230 kwenye hewa.

MotoNaMadini

Hapo kila kitu kimejieleza. Angalia mzigo wa 18 kwanza: tofauti ya nyuzi 110 kati ya gesi mbili ni alama ya chuma. Kalsiamu au sodiamu peke yake isingeleta pengo hilo, kwa sababu hazibadiliki hali hewa ikipungua.

Weka kundi la viyeyushi upande mmoja, yaani chuma, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu, ugawe kwa silika, alumina na titani. Mzigo wa 25 unapata kama 0.1. Wa 18 unakaribia 0.5, na kwenye nusu mpaka moja ndiko joto la kuyeyuka linakoshuka zaidi. Kwa Parr, wa 18 ulikuwa na madini kama asilimia 21 kabla ya moto, wa 25 kama 27. Pengo la madini ni asilimia 6, ila tabia zao hazikaribiani hata kidogo.

Nikiwa wewe ningefanya hivi. Waambie vijana waache kuchokonoa kitanda cha makaa kwa chuma. Kila ukichokonoa unapandisha majivu yaliyokwisha kupoa chini na kuyarudisha kwenye joto kali pasipo na oksijeni, na hapo ndipo bonge linazaliwa. Punguzeni kina, kama DalaliWaKusini alivyosema. Kisha jaribuni kuchanganya mizigo miwili, lakini mchanganyiko upimwe koni kwanza, kwa sababu joto la kulainika haliendi kwa wastani. Unaweza kuweka nusu kwa nusu ukapata karibu na ule mbaya.

DalaliWaKusini

Hiyo salfa ya 2.8 imenishtua. Nikimwambia mwenye mgodi apitishe kwenye maji itapungua?

MwambaWaKaroo

Ile ya kwenye nyufa, ndiyo. Uzito wa pairaiti ni kama mara 5 ya maji, makaa ni mara 1.3 mpaka 1.5, kwa hiyo yakisagwa kidogo na kupitishwa kwenye mashine ya kuoshea, pairaiti iliyoachana na makaa inazama. Iliyo ndani ya kipande haitoki. Kabla ya kutumia hela, chukua vipande kadhaa kutoka tabaka la juu, la kati na la chini la mgodi, vipasue, uone pairaiti iko wapi. Inawezekana yote inatoka tabaka moja karibu na paa, na dawa ikawa kuliacha tabaka hilo.

ZamuYaUsiku

Sampuli ya maabara niliichota juu ya lundo baada ya mvua. Nirudie?

MotoNaMadini

Rudia. Makaa yakimwagwa, vipande vikubwa vinabingirika mpaka chini pembeni na unga unabaki katikati, na madini hayagawanyiki sawa kati ya vikubwa na unga. Chota wakati lori linashusha, kidogo kidogo tangu mwanzo mpaka mwisho wa mzigo, uchanganye yote, ugawe robo robo mpaka ubaki na kiasi cha maabara. Funga kwenye mfuko usiopitisha hewa siku hiyohiyo, maana pairaiti ikikaa na unyevu inaanza kuoza kuwa salfeti na salfa utakayopimiwa haitakuwa katika hali iliyokuwa nayo mgodini. Andika namba ya lori na tabaka kama mgodi wanaijua. Matokeo yakija yaweke hapa, tuyasome pamoja.